Mfuasi wa Thuraya

Mwishoni mwa Novemba, kaskazi inapoanza kuvuma, mtu aliyekaa ufukweni akielekea mashariki baada ya sala ya Magharibi huona Kilimia kikichomoza mwanzo: fungu dogo la nyota zilizobanana, mfano wa matone ya maziwa yaliyomwagikia kaniki. Akiwa na subira ya robo tatu ya saa hivi, ataona karibu na pale pale, kusini kidogo, nyota moja peke yake, kubwa, yenye wekundu wa kaa linaloanza kufifia. Nyota hiyo haitangulii hata usiku mmoja. Kilimia kikipanda, nayo hupanda. Kikifika utosini, nayo i njiani. Kikizama, nayo huteremkia upande ule ule. Waarabu wa jangwani waliitazama kwa karne nyingi, wakaipa jina linalosema hilo tu: ad-Dabarani, yaani mwenye kufuata nyuma.

Jina hilo limejengwa juu ya herufi tatu, dali, be na re, ambazo katika Kiarabu hubeba maana ya nyuma, kisogo na mwisho wa jambo. Humo ndimo linamotoka neno tadbiri, ambalo asili yake ni kuangalia kitakachokuja nyuma ya jambo kabla ya kulitenda. Umbo lake ni la maneno kama tayarani, kuruka, na dawarani, kuzunguka. Umbo la vitu visivyotulia. Basi jina la nyota hii halikutaja rangi yake, wala halikutaja mwangaza wake, ambao unaupita mwangaza wa kila nyota moja moja ya Kilimia. Limetaja mahali pake nyuma ya mwingine. Mwingine huyo Waarabu humwita Thuraya, na mara nyingi humwita an-Najmu tu, Nyota, kana kwamba mbingu haina nyota nyingine.

Kutoka jangwani jina hilo likaingia vitabuni. Abdurahman as-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha sura za nyota mnamo mwaka 964, aliyaweka pamoja majina ya Waarabu na elimu ya Ptolemy, yule Batlimusi wa vitabu vya Kiarabu, ambaye kwake nyota hii ni jicho la ng'ombe dume. Baadaye wafasiri wa Hispania na wachongaji wa astrolabu wakalichukua jina la Kiarabu wakalitia katika Kilatini, na halikuharibika sana njiani. Mwaka 2016, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliunda kamati ya kuyathibitisha majina ya nyota, na Aldebaran likawamo miongoni mwa yaliyopitishwa mwaka huo huo. Kwa hiyo leo, katika daftari rasmi la ulimwengu, mojawapo ya nyota 20 zinazong'aa zaidi usiku inaitwa Mfuasi. Jina limekwisha kuandikwa. Linalobaki ni kuuliza kama ni haki kiumbe kuitwa kwa nafasi yake nyuma ya kiumbe kingine, na kama huko kufuata kwenyewe ni sifa au ni aibu.

Kiswahili kinalijua swali hili kuliko kinavyodhaniwa, maana kimelitia katika kitenzi kimoja: kuandama. Mwezi huandama, na watu wakapongezana kwa kufunga au kwa kufungua. Watu huandamana kudai haki yao. Mtu huandamwa na madeni, huandamwa na maradhi, huandamwa na mahasidi. Mwandamizi kwa asili yake ni yule ajaye nyuma ya mwenzake. Katika maofisi ya leo afisa mwandamizi ni mkubwa wa wenzake, na hakuna anayeshangaa kwamba neno la mkiani limepandishwa kichwani. Neno moja, basi, lina shangwe ya mwezi mpya, lina ukaidi wa umma, na lina bughudha ya mdai anayebisha hodi kila alfajiri. Anayeitwa mfuasi bado hajaelezwa ni mfuasi wa namna gani.

Waarabu walilijibu kwa hadithi. Yasemwa kwamba Dabarani alimposa Thuraya, na mshenga alikuwa Mwezi mwenyewe. Mwezi akampelekea maneno bibi yule. Thuraya akageuza uso, akamwambia mshenga wake: nimfanye nini fukara huyu asiye na mali? Jibu likarudi kwa mposaji. Dabarani hakuketi kulia. Alikusanya ngamia wake wachanga, ndizo zile nyota ndogo zilizomzunguka ambazo Waarabu huziita al-Qilasi, akawatanguliza mbele yake, akaandamana na bibi huyo kokote aendako, mahari mkononi, tangu siku hiyo hadi leo. Wengine huongeza kwamba yuko nyota mwingine, al-Ayuki, anayesimama kando akiwazuia wasikutane, na jina lake wanalitoa katika neno la kuzuia. Jina la Thuraya nalo linatokana na utajiri na wingi. Ni jina la kudekeza, kama kusema kitajiri kidogo. Hadithi imeshonwa vizuri: tajiri anamkataa maskini, na maskini hakubali.

Wasimulizi wa kale walimpa Dabarani hukumu mbili zisizopatana. Ya kwanza ni kwamba walimfanya mfano wa uaminifu, na Thuraya wakamfanya mfano wa hiana. Ya pili ni kwamba walimhesabu kuwa nyota wa nuksi, asiyeleta mvua ya maana, na msimu wake haukupendwa. Mtu anaweza kusema kuwa hizo ni hukumu za watu mbalimbali, na huenda ni kweli. Lakini zinastahili kuwekwa pamoja, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa kila anayefuata asipotakiwa. Akitazamwa na rafiki zake ni mwaminifu. Akitazamwa kutoka mlangoni anapobisha, ni nuksi.

Hapo ndipo hadithi hii inapoacha kuwa hadithi ya nyota. Mashairi ya mapenzi ya pwani, tangu ya zamani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi ya taarabu, yamejaa Dabarani. Mpenzi aliyekataliwa anakesha, anakonda, anahesabu nyota, anaapa kuwa hatarudi nyuma. Msikilizaji amezoea kumwonea huruma, na huruma hiyo si ya bure. Subira ni jambo zito, na moyo usiochoka una utukufu wake. Lakini katika hayo yote Thuraya hasemi. Yeye ni uzuri unaokimbia. Hakuna anayeuliza usiku wake una hali gani, yeye ambaye kila akichomoza anajua nani atachomoza baada yake.

Ajabu ni kwamba katika hadithi ya Waarabu Thuraya alisema. Mtume amefundisha kwamba mwanamwali aombwe idhini yake, na kwamba kimya chake ndicho idhini. Na huyu hakunyamaza hata kidogo. Alisema la, akatoa na sababu. Kosa la Dabarani, kama ni kosa, liko katika namna alivyoisikia sababu hiyo. Aliambiwa hana mali, naye akaelewa kwamba ametajiwa bei. Tangu hapo kila ngamia anayemwongeza katika msafara wake ni jibu kwa swali ambalo bibi yule hakuuliza. Mambo haya hutokea katika nyumba za watu. Binti anapotafuta neno la adabu la kumkataa mtu, husema bado anasoma, au mahari ni madogo, au baba hajaridhia; na mposaji asiye na masikio mema hukimbilia kuondoa kizuizi kimoja kimoja, akashangaa mwisho kuwa mlango ungali umefungwa. Anajiona amedhulumiwa. Jamaa zake nao humsaidia kujiona hivyo, wakisema: masikini, kila walichokitaka amekileta.

Lakini ukali huo nao una mpaka wake. Yumkini Thuraya alimaanisha alichosema: alikataa ufukara, hakumkataa mtu. Kama ndivyo, basi Dabarani alifanya lililompasa mwanamume mwenye heshima, alikwenda kutafuta. Hadithi haikutuama upande wowote, na hicho ndicho kinachoifanya iwe bora kuliko methali iliyotolewa humo. Aliyeiharibu ni yule aliyekuja baadaye akamwita mmoja mwaminifu na mwingine haini, kwa kuwa Thuraya hakuahidi kitu, na asiyeahidi hawezi kuhini.

Ng'ambo ya bahari ile ile, jicho jingine liliiona nyota ile ile kwa namna nyingine kabisa. Wahindi huiita Rohini, Mwekundu, na kwao si mwanamume. Ni mmoja wa mabinti 27 wa Daksha ambao wote waliolewa na Mwezi. Na Mwezi akampenda Rohini peke yake, akakaa nyumbani kwake siku zote, wenzake wakaenda kushitaki kwa baba yao. Daksha akamlaani mkwewe akonde mpaka atoweke; laana ikalegezwa baadaye, na ndiyo maana Mwezi hukonda na kunenepa. Kilimia kwao ni Krittika, wanyonyeshaji wa mtoto Kartikeya. Basi pale ambapo Mwarabu aliona fukara anayemfuata bibi tajiri, Mhindi aliona mke kipenzi anayependwa kupita kiasi cha haki. Hata Mwezi amebadilika kazi: huku ni mshenga, kule ni mume mpendelevu. Ukitazama hesabu za vituo vya Mwezi, Waarabu wanaoanzia Sharatani humweka Dabarani kituo cha 4, mara baada ya Thuraya. Wahindi wanaoanzia Ashvini humweka Rohini wa 4, mara baada ya Krittika. Mahali ni pale pale. Kufuatana ni kule kule. Mmoja akaona katika kufuatana huko jambo la kutajwa kuliko yote, mwingine akaona wekundu.

Majahazi ya Oman na ya Kachi yalifunga gati katika bandari hizo hizo za Unguja, Mombasa na Lamu, na mabaharia wake walilala juu ya sitaha chini ya nyota hiyo, mmoja akimtaja mposaji aliyekataliwa na mwingine bibi harusi aliyependelewa, kila mmoja akiwa na hakika na anachokiona.

Wenyeji wa pwani wenyewe hawakusimulia posa. Kilimia ni jina la jembe. Linatokana na kulima, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za Kibantu mpaka kusini kabisa, ambako Waxhosa huita isiLimela na wakahesabu kwayo miaka ya utu uzima wa mwanamume. Wazee husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni usemi wa mtu mwenye mbegu mkononi. Wala haugongani na mafundisho ya dini yanayokataza kuinasibisha mvua na nyota, maana hausemi kwamba Kilimia huleta mvua. Unasema tu kwamba ukitaka kujua saa, tazama saa. Katika mpango huo nyota nyekundu inayokuja nyuma haina kazi. Mkulima amekwisha kuona alichokingojea, akaingia ndani kulala.

Hata mabaharia hawakumtendea vizuri zaidi. Ahmad bin Majid, bingwa wa uabiri wa karne ya 15 ambaye aliandika hata urjuza juu ya njia ya Sofala, aliitumia dira iliyogawanywa kwa machomozo na machweo ya nyota. Thuraya yumo katika dira hiyo. Ayuki, yule mzuiaji, naye yumo. Dabarani hayumo.

Sasa elimu ya leo inasemaje juu ya mfuasi huyu? Inasema kwamba yuko umbali wa miaka ya mwanga 65 hivi kutoka duniani, ilhali Kilimia kiko zaidi ya miaka ya mwanga 400. Anayeitwa wa nyuma, kwa hiyo, ndiye aliye mbele, tena mbele sana. Ni nyota kubwa iliyokwisha kula haidrojeni ya kiini chake, ikavimba ikawa na upana wa mara 44 hivi wa jua na mng'ao wa zaidi ya mara 400. Umri wake unakisiwa kuwa miaka bilioni 6 na zaidi. Nyota za Kilimia zina miaka milioni 100 na ushei tu, yaani ni watoto wachanga. Zaidi ya hayo, wale ngamia si wake. Al-Qilasi ni kundi lililo umbali wa miaka ya mwanga 150 hivi, nalo halina uhusiano naye. Yeye amesimama njiani tu, kati yao na mwenye kutazama. Tangu karne zote hizo mzee huyu anaposa kwa mali ya watu.

Mcheshi atacheka, na mwenye haraka atasema jina ni la uongo, lifutwe. Lakini jina halikudai kusema habari za masafa. Lilisema kilichoonekana, na kilichoonekana ni kweli: usiku wa leo pia, nyota hii itachomoza baada ya Kilimia. Uongo una namna nyingine. Ile nyota nyekundu ya bega la Jabari, ambayo Wazungu huiita Betelgeuse, Waarabu waliiita Yad al-Jauza, mkono wa Jauza; msomaji mmoja wa zamani akaiona ye yenye nukta mbili akaisoma be yenye nukta moja, na likazuka jina lisilokuwa na maana katika lugha yoyote, mpaka wataalamu kama Mjerumani Paul Kunitzsch walipoirudisha nukta mahali pake. Hilo ni kosa la herufi, na kosa la herufi halimuumizi mtu. La Dabarani ni tofauti. Herufi zake zote ni sahihi, na bado linabeba hukumu.

Dini na desturi za pwani hazikuliona jambo la jina kuwa dogo. Katika Hadithi imepokewa kwamba Mtume alimbadili jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila. (Si yule Asiya mke wa Firauni, ambaye jina lake huandikwa kwa herufi nyingine.) Sura ya Hujurati inakataza watu kupachikana majina ya kejeli. Msingi wa makatazo hayo ni kwamba jina si sauti tu. Ni kauli inayorudiwa kila mara bila ya mwenye nalo kuulizwa. Anayeitwa mwasi mara 20 kwa siku amehukumiwa mara 20.

Na pwani hii ina sababu yake ya kulijua hilo. Watumwa walioletwa kutoka bara walivuliwa majina yao ufukweni wakapewa mengine: siku aliyonunuliwa mtu, au baraka aliyotarajiwa kuileta nyumbani kwa bwana wake. Yuko mmoja anayejulikana vitabuni kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Afrika. Jina lake lina vipande vitatu: Sidi ni namna Wahindi walivyowaita watu weusi, Mubarak ni jina la kibarakala la mtumwa, Bombay ni mji. Hakuna hata kipande kimoja alichozaliwa nacho. Watu huyu huyu walimwita mfuasi, mtumishi wa msafara. Alifuatana na Burton na Speke mpaka ziwa Tanganyika katika safari ya mwaka 1857 hadi 1859, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron alipolivuka bara lote mpaka pwani ya magharibi katika miaka ya 1873 hadi 1875. Yeye alijua lugha, na alijua kusema na wenyeji. Wageni wale walijua kuandika. Nani alikuwa nyuma ya nani, hilo limeamuliwa na waliokuwa na kalamu. Alifariki mwaka 1885, na jina alilopewa na wazazi wake halimo katika vitabu vyao.

Yapo, hata hivyo, majina mengine ya nyota hii ambayo kamati haikuyachagua. Waarabu waliiita pia Hadi an-Najmu. Huyo Hadi si wa uongofu, ingawa Kiswahili kingeyaandika yote mawili kwa namna moja. Herufi ya kwanza ni tofauti. Hadi huyu ni mchunga ngamia anayekwenda nyuma ya msafara akiimba. Wimbo wake huitwa hudaa, na wako wajuzi wa Kiarabu walioona kuwa huko ndiko ushairi wa Waarabu ulikoanzia: katika hatua za ngamia na sauti ya mtu wa nyuma. Ngamia huongeza mwendo wimbo ukikazwa, hupunguza ukilegezwa. Jambo hili mabaharia hawahitaji kulielezwa. Omo hutangulia, hupasua mawimbi na kuonekana mwanzo kutoka bandarini. Lakini usukani uko tezi, na anayeushika huutazama mgongo wa chombo chote.

Kwa jina hilo sura nzima ya mbingu hugeuka. Mtu yule yule, nyuma ya bibi yule yule, na ngamia wale wale mbele yake. Ila sasa haombi kitu. Anaimba, na msafara unakwenda kwa sababu yake. Kufuata kumekuwa kazi, na kazi hiyo ina ustadi na ina heshima. Thuraya naye amepumzika, hakimbizwi, anasafiri. Tofauti kati ya Dabarani na Hadi haionekani kwa macho, kwa darubini yoyote ile. Imo katika anachokitaka yule wa nyuma: kumpata wa mbele, au kufika naye.

Lau mtu angeruhusiwa kuchagua, Hadi lingekuwa jina lenye insafu zaidi. Lakini Dabarani nalo lisitupwe, kwa kuwa lina siri moja ambayo walioliweka hawakuwa na njia ya kuijua. Mzizi ule ule wa dali, be na re unamaanisha pia kugeuka na kutoa kisogo. Mwaka 1718 Mwingereza Edmond Halley alitangaza kwamba nyota zinazodhaniwa kutuama kumbe huhama, na hii alikuwa ameihesabu miongoni mwa mifano yake. Vipimo vya baadaye vimeonyesha mwendo mwingine mkubwa zaidi: nyota hii inazidi kuupa mfumo wa jua kisogo, kwa kasi ya kilomita 54 hivi kwa kila sekunde.

Mwezi Machi 1972 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Pioneer 10. Kilipita sayari ya Mushtari, kikaendelea kwenda nje, na ishara yake ya mwisho, dhaifu mno, ilipokewa Januari 2003. Kimebeba bamba dogo la alumini yenye rangi ya dhahabu lililochorwa mwanamume na mwanamke wamesimama bega kwa bega, bila ya majina. Kinaelekea upande wa Dabarani, na waliokipigia hesabu walisema kitachukua zaidi ya miaka milioni 2 kuumaliza umbali uliopo. Kinakwenda kwa kilomita 12 hivi kwa sekunde.